Babu Yako Alikuwa Wapi Mwaka 1926?

Tarehe 1 Februari 1926 haikuwa siku ya vita wala ya kutawazwa mfalme. Siku hiyo mkoa wa Rudolf ulihamishwa rasmi kutoka Uganda kwenda Kenya, na ramani ya Uganda ikapata umbo tunalolijua leo. Wachungaji wa Ankole, kusini-magharibi mwa Uganda, hawakupata habari hiyo, na hata wangeipata isingewahusu. Miaka karibu sabini baadaye tarehe hiyo iliandikwa ndani ya Katiba. Tangu hapo, mtu wa Bwizibwera, wa Nyabushozi au wa Isingiro anayeitwa Mnyarwanda anaweza kuulizwa mbele ya meza ya vitambulisho: babu yako alikuwa wapi siku ile? Jirani yake anayeitwa Mnyankole haulizwi, ingawa naye hana karatasi hata moja ya babu yake.

Wengi hudhani swali hilo limetoka kwa wanasheria. Mimi nimelifuata nyuma, kipindi kwa kipindi, na kila nilipochimba nimekuta vyama vya siasa. Wanyarwanda wa Ankole walihesabiwa kwanza kama kura, za kuvutwa au za kuogopwa, na baada ya hesabu hiyo ndipo watu walipoanza kuuliza kama ni raia. Mpangilio huo umewagharimu nyumba, ng'ombe na maisha.

Kabla ya 1959: waliokuwepo na waliokuja

Neno "Mnyarwanda" nchini Uganda limebeba watu wa aina nyingi. Wa kwanza hawakuhama hata hatua moja. Mwaka 1910 Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji walikubaliana mjini Brussels namna ya kugawana nchi ya milima ya volkano, na Bufumbira, ambayo leo ni wilaya ya Kisoro, ikabaki upande wa Waingereza. Wenyeji wake walizungumza Kinyarwanda kabla ya mkataba na wakaendelea kukizungumza baada yake.

Wa pili walikuja kwa miguu. Wabelgiji waliotawala Rwanda walipoongeza kodi na kazi za lazima, na njaa ya Rwakayihura ilipopiga Rwanda mwaka 1928 na 1929, wanaume kwa maelfu walivuka kutafuta kibarua katika mashamba ya kahawa na pamba ya Buganda. Njia yao ilikatiza Ankole, ikapita Mbarara na kuelekea Masaka. Wengine walirudi kwao na mishahara yao. Wengine walibaki, wakachukua majina ya Kiganda na hata koo za Kiganda, na wajukuu wao leo hawajui neno la Kinyarwanda. Hakuna aliyejishughulisha kuwahesabu kwa siasa, kwa kuwa hapakuwa na kura ya kupigiwa.

Ankole yenyewe ilikuwa na mpasuko wake. Wahima walifuga, Wairu walilima, na Mkataba wa Ankole wa 1901 uliwaacha Wahima wakishika sehemu kubwa ya uchifu chini ya Omugabe, mfalme wa Ankole. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Wairu waliosoma, hasa Waprotestanti, walianzisha harakati iliyoitwa Kumanyana, yaani kujuana. Walikutana, walisaidiana, na walidai nafasi katika utawala wa ufalme. Hiyo ilikuwa harakati ya haki za raia kwa maana kamili, na walioianzisha walikuwa na haki ya kulalamika. Ila madai yao yalipoingia katika vyama, yalikutana na wageni ambao hakuna aliyekuwa amewatarajia.

1959–1964: wakimbizi wafika katikati ya kampeni

DP ilianzishwa mwaka 1954, ikijulikana kama chama cha Wakatoliki. UPC ilizaliwa mwaka 1960 chini ya Milton Obote, na uti wa mgongo wake ukawa Waprotestanti. Ankole ilivipokea vyama hivyo kwa namna yake. Wairu Waprotestanti waliingia UPC. Wairu Wakatoliki waliingia DP, na humo wakakutana na Wahima wengi ambao, ingawa ni Waprotestanti, waliogopa UPC ya Wairu wa Kumanyana. Ukijua mtu anasali wapi, na kama anafuga au analima, karibu ulijua atapiga kura upande gani.

Novemba 1959 moto ukawaka Rwanda. Nyumba za Watutsi zilichomwa, machifu wao wakafukuzwa, na makumi ya maelfu wakakimbia katika miaka michache iliyofuata. Wengi walivuka kuja Ankole na Kigezi, baadhi wakiwa na ng'ombe wao wenye pembe ndefu, wasioweza kutofautishwa na ng'ombe wa Wahima. Serikali ya kikoloni iliwaweka katika makazi ya Nakivale, kando ya ziwa la jina hilo, kusini-mashariki mwa Mbarara, kisha Oruchinga na kwingineko. Mwaka 1960 ilitungwa sheria ya kuwadhibiti: mkimbizi aishi pale alipoelekezwa, kwa kibali.

Tazama sasa kalenda. Katika uchaguzi wa Machi 1961 DP ilishinda, na Benedicto Kiwanuka akawa waziri mkuu wa kwanza. Ule wa Aprili 1962 ukaenda kwa UPC iliyoungana na Kabaka Yekka, chama cha kifalme cha Buganda. Uhuru ulikuja tarehe 9 Oktoba 1962. Wakimbizi waliingia Ankole katikati ya kampeni hizo, wakati kila upande unahesabu vichwa. Kwa mwanachama wa UPC kijijini, Mtutsi mwenye ng'ombe alikuwa ndugu wa Mhima, na Mhima alikuwa DP. Hivyo kila familia iliyovuka ilionekana kama kura iliyoongezwa kwa adui. Habari za Rwanda nazo zilisomwa kwa macho mawili: Mwiru aliona kwamba walio wengi wanaweza kuupindua utawala wa wachache, na Mhima aliona yatakayompata kesho. Mkimbizi aliyekuja kutafuta maji ya ng'ombe akajikuta amepewa chama kabla hajajua majina ya vyama.

DP nayo haikuwa ngao ya kudumu. Basil Bataringaya, mtu wa Ankole aliyekuwa kiongozi wa upinzani bungeni, alihamia UPC mwishoni mwa 1964, na wabunge wengine wa DP walifuata njia hiyohiyo. Walioandikwa kuwa watu wa DP wakabaki na lawama ya chama bila ulinzi wa chama.

1967–1979: kuhesabiwa

Katiba ya uhuru ilikuwa na mkono mpana. Mtoto aliyezaliwa Uganda baada ya uhuru aliweza kuupata uraia kwa kuzaliwa hapa. Katiba ya 1967, ileile iliyofuta falme, iligeuza macho kutoka ardhi kwenda damu: sasa ilibidi mzazi au babu awe raia. Mwaka 1969 serikali ya Obote ilianza kuwahesabu Wanyarwanda peke yao, na waliohesabiwa walielewa kwamba hesabu hiyo haikuwa ya kuwagawia chakula. Jambo hilo lilikatizwa na mapinduzi ya Idi Amin ya tarehe 25 Januari 1971.

Chini ya Amin hapakuwa na vyama wala uchaguzi. Baadhi ya vijana wa wakimbizi waliingia jeshini na katika idara za usalama, na wachache hao walitosha kuwachafua wote. Majeshi ya Tanzania yalipoiteka Mbarara mwezi Februari 1979 na kuuacha mji magofu, watu wa UPC waliorudi kutoka uhamishoni walikuja na orodha ya madeni kichwani, na jina la Wanyarwanda lilikuwa ndani yake.

1980–1983: Oktoba ya Mbarara

Uchaguzi wa Desemba 1980 ulirudisha vyama, na pamoja navyo hesabu ya zamani. UPC na DP zilikuwepo, safari hii pamoja na UPM ya Yoweri Museveni, aliyesoma Ntare School hapa Mbarara. UPC ilitangazwa mshindi katika uchaguzi ambao wengi waliukataa. UPM iliambulia kiti kimoja tu, na Museveni mwenyewe alishindwa katika jimbo la Mbarara Kaskazini na mgombea wa DP, Sam Kutesa. Wakati wa kampeni na baada yake, wapinzani wake walimwita Mnyarwanda, na katika kinywa cha mwanasiasa wa wakati ule neno hilo lilikuwa tusi.

Tarehe 6 Februari 1981 Museveni alishambulia kambi ya jeshi ya Kabamba akiwa na watu wapatao arobaini na bunduki 27. Wawili kati yao walikuwa watoto wa wakimbizi, Fred Rwigyema na Paul Kagame. Rwigyema alikulia katika makazi ya wakimbizi ya Ankole na kusoma Mbarara High School. Kagame alipitia Ntare. Watu wawili walitosha. Vita ya msituni aliyoianzisha Museveni, iliyopiganwa Luwero, ikaitwa vita ya Wanyarwanda, na kila Mnyarwanda wa Ankole, hata bibi kizee asiyewahi kufika Luwero, akawa mshukiwa.

Mwanzoni mwa Oktoba 1982 machifu, vijana wa UPC na polisi wa Kikosi Maalumu walianza kupita nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Mbarara. Walichoma na kubomoa nyumba, wakachukua ng'ombe, wakawaambia wenye mji waondoke. Hawakuchambua. Walimwondoa mkimbizi wa 1959 aliyekuwa na shamba nje ya makazi, mjukuu wa kibarua wa miaka ya 1920, Mfumbira wa Kisoro ambaye mababu zake hawakuwahi kuhama, na hata Wahima, wenyeji wa Ankole tangu enzi, ambao kosa lao lilikuwa kufuga na kushukiwa kuwa DP. Ardhi na mifugo iliyoachwa ilipata wenyewe wapya upesi. Tusifiche hilo: siasa ilifungua mlango, na tamaa ya mali ikaingia kwa mlango huohuo.

Watu wapatao 40,000 walivuka kuingia Rwanda. Wengine zaidi ya 30,000 walikimbilia makazi ya zamani kama Nakivale na Oruchinga, na hapo ndipo penye uchungu ambao mimi sijawahi kuuzoea: raia wa Uganda alikuja kuomba hifadhi ya ukimbizi ndani ya nchi yake mwenyewe. Serikali ya Habyarimana, rais wa Rwanda, ilisema nchi yake imejaa, na mwezi Novemba ikafunga mpaka. Maelfu wakanaswa Mirama Hills, katika kipande chembamba cha ardhi, nyuma yao vijana wa chama na mbele yao askari wa nchi inayodaiwa kuwa yao. Walikaa hapo miezi, wakifa kwa magonjwa na kwa kukata tamaa. Desemba 1983 wimbi la pili lilipiga upande wa Rakai na Masaka, na baadhi ya waliofukuzwa wakavuka kuingia Tanzania.

DP ilikuwa bungeni wakati wote huo, lakini amri ya machifu na polisi haikuwa mikononi mwake. Vijana waliorundikwa makambini walilielewa jambo hilo haraka. Wengi waliondoka usiku kuelekea Luwero kujiunga na NRA, jeshi la waasi la Museveni. Waliowafukuza ili kuwanyima Museveni wafuasi ndio waliompelekea askari.

1986–1990: ahadi na kurudi nyuma

NRA ilipoingia Kampala tarehe 26 Januari 1986, inakadiriwa kwamba takriban robo ya wapiganaji wake walikuwa wa asili ya Rwanda. Jambo jingine lilikuwa limetokea msituni, nami naliona kubwa kuliko idadi hiyo. Katika maeneo yaliyoshikwa na NRA, wanakijiji walichagua mabaraza yao, yale yaliyoitwa RC na leo yanaitwa LC. Sifa ya kupiga kura au kuchaguliwa ilikuwa kuishi pale. Hakuna aliyeuliza habari za babu. Luwero ilikuwa imejaa wahamiaji kutoka kila upande, na kama vita ingeuliza asili ya kila mtu, isingepata chakula wala mahali pa kujificha.

Mwezi Julai 1986 Museveni alitangaza kwamba Wanyarwanda walioishi Uganda zaidi ya miaka kumi watastahili uraia. Rwigyema akawa naibu waziri wa ulinzi. Kwa mara ya kwanza tangu 1959, mtu wa Nakivale aliweza kuamini kwamba mwanawe atakuwa raia wa Uganda bila kujificha.

Ahadi hiyo iliishi miaka minne tu. Manung'uniko yalianza jeshini na katika magazeti kwamba wageni wameshika nchi. Novemba 1989 Rwigyema aliondolewa wizarani. Kisha likaja suala la ranchi. Katika miaka ya 1960, kwa msaada wa Marekani, eneo kati ya Ankole na Masaka lilikuwa limegawanywa kuwa ranchi, nyingi zikaangukia mikononi mwa wakubwa, na wachungaji waliolishia humo tangu zamani wakawa wavamizi kisheria. Mwaka 1990 wachungaji wa Mawogola, ndani ya eneo hilo, waliinuka dhidi ya wenye ranchi. Wengi wao walikuwa Wanyarwanda. Agosti mwaka huo baraza la taifa, NRC, lilikaa kikao maalumu kuamua nani agawiwe ardhi hiyo, na jibu lililotoka lilikuwa: raia, na raia ni yule ambaye asili yake ni hapa. Kanuni ya Luwero ilizikwa katika kikao kilekile kilichokusudiwa kuwatendea haki wasio na ardhi.

Wiki chache baadaye, tarehe 1 Oktoba 1990, askari wa Kinyarwanda walitoroka kutoka jeshi la Uganda na kuingia Rwanda kupitia Kagitumba. Kagitumba inatazamana na Mirama Hills. Walivuka palepale ambapo miaka minane kabla watu wao walikuwa wamenaswa. Rwigyema aliuawa siku ya pili. Watu husimulia uvamizi huo kana kwamba ulitoka hewani. Mtu wa Mbarara anayekumbuka Oktoba 1982 hawezi kuusimulia hivyo.

1995: orodha

Katiba mpya ilitangazwa tarehe 8 Oktoba 1995. Ibara yake ya 10 inasema raia kwa kuzaliwa ni yule ambaye mzazi au babu yake ni wa jamii za asili zilizokuwa ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Jamii hizo zimeorodheshwa katika nyongeza ya tatu. Ziliandikwa 56, na Wanyarwanda wamo. Watu walishangilia, na walikuwa na sababu: jina lililotumika kuwafukuza sasa limo ndani ya Katiba.

Ibara ya 12 inafuata karibu tu. Aliyezaliwa Uganda na kuishi humo mfululizo tangu uhuru anaweza kuandikishwa kuwa raia, isipokuwa kama mzazi au babu yake alikuwa mwanadiplomasia au mkimbizi. Basi Mnyarwanda wa 1926 ni raia, na mtoto wa mkimbizi wa 1959 si raia, hata akizaliwa Nakivale, asome Mbarara na azikwe Isingiro. Majina yao ni yaleyale, lugha ni ileile, na mara nyingi wameoana. Afisa aliye mezani hana namna ya kuwatenganisha ila kwa kumshuku kila mmoja.

Hapa historia ya Weusi wa Marekani inasaidia kuona. Mwaka 1857 mahakama kuu ya huko, katika kesi ya Dred Scott, ilisema mtu mweusi hawezi kuwa raia. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipokwisha, Marekebisho ya 14 ya Katiba, mwaka 1868, yalijibu kwamba aliyezaliwa pale ni raia. Kura ilinyimwa Kusini kwa vitisho na hila hadi sheria ya 1965, na damu nyingi ilimwagika kuipata. Lakini vyama viliweza kuzishindania kura hizo waziwazi. Kwanza zilikuwa za Republican, chama cha Lincoln. Tangu miaka ya 1930 zikaanza kuhamia kwa Democrats wa Roosevelt. Na mwaka 1964, Johnson alipotia sahihi sheria ya haki za raia na mpinzani wake Goldwater akawa ameipinga, uhamaji huo ukakamilika. Mpiga kura mweusi angeweza kukihama chama kilichomsaliti, na uraia wake usiguswe. Mnyarwanda wa Ankole alihesabiwa kama kura kwanza, kisha akaambiwa athibitishe kuwa ni wa hapa. Mtu wa namna hiyo hawezi kukihama chama kinachomlinda, kwa maana hajui atakayefuata atafungua tena lile daftari la 1969.

Tangu 2005

Kura ya maoni ya tarehe 28 Julai 2005 ilirudisha vyama vingi. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 ilisifiwa ulimwenguni, kwa haki: mkimbizi anapewa kipande cha kulima, anaruhusiwa kufanya kazi na kusafiri. Sheria hiyohiyo inamkataza siasa ya aina yoyote, ya kitaifa au ya mtaa. Julai 2010 watu wapatao 1,700 wa Rwanda, wengi wao waliokataliwa hifadhi, waliitwa wakusanyike Nakivale na Kyaka, wakapakiwa kwenye malori na kurudishwa kwa nguvu. Hawakuwa na mbunge wa kumpigia simu.

Mwaka 2014 swali la 1926 lilihamia kwenye usajili wa vitambulisho vya taifa. Uganda na Rwanda zilipokosana, na mpaka wa Gatuna kufungwa kuanzia Februari 2019 hadi Januari 2022, Wanyarwanda raia wa Uganda walisema wanatazamwa kama majasusi na kusumbuliwa wanapoomba pasipoti. Mwaka 2021 baadhi yao walianza kudai jina jipya, Abavandimwe, yaani ndugu, ili jina la kabila lao lisiendelee kufanana na uraia wa nchi nyingine. Wengine walikataa. Kwao jina liliandikwa katika Katiba kwa gharama kubwa mno kuliacha.

 Julai 2018 wanakijiji wa Bwizibwera walichagua viongozi wa LC kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea wao. Kila mtu alionekana na kila mtu, na jirani ndiye aliyejua nani ni wa hapa.

Nakivale leo ina watu zaidi ya 100,000, Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengine, na sokoni Base Camp Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Nao wana uchaguzi. Wanachagua mabaraza yao ya ustawi wa wakimbizi, kijiji kwa kijiji, hadi ngazi ya makazi yote. Viongozi wao hushughulikia foleni ya maji, ugomvi wa mipaka ya mashamba, mgao wa chakula. Sifa ya kupiga kura ni kuishi pale.